Hina ya Darasa la Pili

Jumatatu, 5 Januari 1970
Skuli yetu ya Jang'ombe itapeleka darasa moja tu kwenye gwaride la Mapinduzi la tarehe 12. Mzee Silima, mwalimu mkuu, katangaza kuwa Jumamosi tutashindana: darasa langu na la Bi Mwanamkasi. Nshampelekea mama salamu Bwejuu kuwa nitatangulia mbele ya watoto, naye keshaazima buibui jipya. Siwezi kushindwa! Tatizo moja tu: watoto wangu hawajui kulia wala kushoto. Nikisema wageuke kulia, nusu wanatazamana na nusu.

Jumanne, 6 Januari
Dawa nimeipata. Hina! Tabia, mke wangu, alikoroga bakuli zima kwa ajili ya harusi ya mdogo wake. Alipokwenda sokoni nikalichukua. Watoto thelathini na wanane nimewapanga wakanielekea, nikawapaka kiganjani mmoja mmoja. Nimewaambia mkono wenye hina ndio wa kulia, basi. Bi Mwanamkasi kachungulia dirishani, kauliza biharusi ni nani. Husuda tu.

Alhamisi, 8 Januari
Balaa! Kwanza baba zao wavulana: mtoto wa kiume na hina wapi na wapi? Kisha bibi yake Mize, mwanafunzi wangu, hata shikamoo yangu hakuiitikia. Mjukuu wake jana katia mkono wa kushoto kwenye sinia ya wali, mbele ya wageni! Alipogombezwa kasema Mwalimu Machano ndiye aliyeutia alama. Nikabisha mpaka bibi akaunyanyua mkono wa Mize mbele ya pua yangu. Wote nimewapaka kushoto! Kosa lao, nani aliwaambia wanielekee? Nimewasugua kwa ndimu, kwa mchanga, kwa sabuni. Haitoki. Nimemfikiria mama na lile buibui, nikaona aibu kweli.

Jumamosi, 10 Januari
Mzee Silima akaamrisha: kulia geuka! Watoto wangu wakafinyanga tonge hewani, wakalipeleka mdomoni, wakageuka. Wote upande mmoja! Kushoto geuka: tonge tena, wakageukia upande wa pili. Kumbe jana Mize kawaambia wenzake waisahau hina, wafikirie sinia. Darasa la Bi Mwanamkasi liligongana vichwa. Tumeshinda! Bi Mwanamkasi kampa mkono Mize, mimi kanipita. Sijali. Usomeshaji wangu umezaa matunda.

Jumatatu, 12 Januari
Mama alikaa mstari wa mbele. Nikatangulia, kifua mbele. Ikatoka amri: kushoto geuka! Nikageuka barabara, nikaenda hatua ishirini, nikashangaa mbona nyuma yangu kimya. Kutazama, watoto wote thelathini na wanane wamekosea, wanakwenda upande mwingine kabisa, na uwanja mzima unawapigia makofi! Mama kafurahi mno. Anasema aliniona vizuri, kwa kuwa nilikuwa peke yangu. Maskini watoto, wamejitahidi. Kesho naanza nao upya, na hakuna kwenda nyumbani mpaka wote wageuke kama mimi.