Nimeufuta Ukurasa wa Mwanzo

Jumatatu, 3 Machi
Tovuti yangu imetimiza miaka miwili. Makala mia mbili na kumi na mbili dhidi ya unafiki, uvivu wa fikra na matumizi ovyo ya alama ya mshangao! Wageni wa wiki jana: watatu. Wawili ni mimi. Wa tatu naamini ni binti yangu, ingawa hajanisemesha tangu nilipoichambua hotuba yake ya harusi hadharani. (Makala namba 88. Hoja zake hazijajibiwa hadi leo.) Anisome tu. Sidai zaidi.

Jumanne, 4 Machi
Nimempigia fundi wa tovuti, mama mkavu wa maneno. Akaeleza: mtu akiandika anwani tupu, bila jina la faili, seva, ile kompyuta inayotunza tovuti, hutafuta kwenye folda faili liitwalo index, yaani ukurasa wa mwanzo, na kumfungulia hilo. Kwako, mzee, wanakuta picha yako umenuna, wanakimbia. Na index isipokuwepo? Seva nyingine humkatalia mgeni, akasema, nyingine humwagia mgeni orodha ya kila kilichomo. Yako humwaga. Ndiyo maana usiguse!
Kila kilichomo! Kumbe dawa ninayo.

Jumatano, 5 Machi
Nimeufuta. Uzuri ulioje! Orodha ndefu, majina ya bluu, ghala lote wazi. Nimemwalika kwa ujumbe hasimu wangu wa ghorofa ya pili, mhariri mstaafu, na kumwomba awaalike wenzake waje waaibike. Nimekaa kusubiri. Chai imepoa. Nimeipasha. Imepoa tena.

Alhamisi, 6 Machi
Wageni arobaini na mmoja! Nimevaa shati la pasi, sijui kwa ajili ya nani.
Nikakutana na hasimu kwenye ngazi. Hakunikejeli. Akanishika bega, akasema pole, bwana, sikujua, na je, unakula vizuri? Matusi ya aina mpya!
Nikarudi kuikagua orodha. Chini ya makala yangu "Baraza la Wanafiki": "barua-kwa-binti-1" hadi "barua-kwa-binti-19". Nilizitunza humo kwa sababu ndiyo folda pekee ninayojua kuifungua. Sikuwahi kuzituma. Ya nne inakiri kwamba nilikosea. Ya kumi na moja inasema bado nanunua maziwa anayoyapenda yeye, na mimi maziwa yananisumbua tumbo. Watu arobaini na mmoja!

Ijumaa, 7 Machi
Fundi amerudisha index. Nilikwambia nini, mzee? akasema, mara tatu.
Mchana simu ikalia. Binti! Amezisoma zote kumi na tisa, kajifungia chooni kazini, analia huku anacheka. "Baba, njoo Jumapili tule chakula cha mchana. Njoo wewe tu, usije na makaratasi."
Nikasema nitatazama ratiba. Ratiba yangu haina kitu hadi Desemba.

Jumamosi, 8 Machi
Nimenyoa. Nimepiga viatu rangi. Lakini kuna jambo linanikereketa: binti alisema kwenye simu kwamba barua ya saba inazishinda makala zangu zote. Zote! Kauli nzito, bila ushahidi hata chembe.

Jumapili, 9 Machi
Makala namba 213, "Kwa Msomaji Mmoja Mwenye Haraka", jibu langu kwa kauli yake, imetoka saa nne asubuhi. Nimeipa jina index, ili akifungua tu akutane nayo uso kwa uso. Nikaona ni haki aimalize kabla sijaenda.
Sasa ni saa kumi alasiri. Nimempigia mara nne, hapokei. Bila shaka anapanga hoja. Nampa hadi Jumatano, kisha naujibu ukimya wake.