Marehemu Mama Hapokei Simu

Jumatatu, 16 Juni 2025

Josia alipigwa na radi utotoni akichunga ng'ombe. Ana kovu begani. Mtu mwenye bahati! Ni karani wa masjala kama mimi, meza zetu zinatazamana. Lakini jioni anawafundisha wenye bodaboda wa hapa Bariadi jinsi ya kuinuka baada ya kuanguka. Wanamwita kocha. Leo wamemletea kreti ya soda ofisini. Sikupewa hata moja.

Mimi sijapigwa hata na kuku. Nimesoma hadi stashahada, mama akanilipia kila kitu, sijawahi kulala njaa. Kwa maisha ya namna hii nitamfundisha nani? Naogopa nitazeekea kwenye mafaili. Naogopa na mafaili yenyewe. Rafu ya juu imeinama upande wangu.

Mpango: wenye saluni! Nywele, kucha, masaji, mvuke wa uso. Mji umejaa saluni na hazina kocha. Jirani yangu Goodness, ambaye kazi yake ni kupaka watu rangi za kucha, yumo kwenye kundi lao la WhatsApp. Kinachokosekana ni mateso tu.

Jumanne, 17 Juni

Nimepata mateso. Nimerekodi ujumbe wa sauti, Goodness ameurusha kwenye kundi. Nimesema nilifiwa na mama nikiwa na miaka tisa. Nikalala juu ya marobota ya pamba. Nikajilea mwenyewe, nikasimama, na sasa niko tayari kuwasimamisha wengine. Mwishoni sauti ilitetemeka vizuri sana. Ulikuwa woga. Wao wamedhani ni majonzi.

Wamelia! Goodness anasema mmoja aliunguza nywele za mteja kwa kulia. Jumamosi wataniita saluni kwa Milembe, mwenyekiti wao, niwafundishe. Josia amesikia, akauliza mbona wiki iliyopita nilipokea viazi vitamu kutoka kwa mama. Nikasema vilitoka kwa mama mdogo. Akacheka hadi bega lenye kovu likacheza.

Mama yangu anaitwa Nyanjige. Yuko Dutwa, mzima wa afya, anavuna pamba. Dutwa ni mbali kiasi. Nafikiri ni mbali kiasi.

Alhamisi, 19 Juni

Balaa! Milembe amekuja ofisini, na wigi lake refu, akasimama mbele ya meza yangu watu wote wakiangalia. Akasema wamekaa kikao. Hawawezi kufundishwa na mtu mwenye msiba ambao hawajaupa pole. Nikasema ni msiba wa zamani. Akasema waliochelewa kupata habari hutoa pole siku wanayoipata, hata kama nyasi zimeshaota kaburini, au mimi nimekulia wapi? Nikasema basi pole nimepokea, asante. Akasema pole haipokelewi mezani kwenye mafaili, kaka Paschal. Inapelekwa nyumbani kwa marehemu. Ni wapi?

Nikasema Dutwa.

Kwa nini nilisema Dutwa? Kwa sababu uongo wangu unahitaji maandalizi! Nikiulizwa ghafla, ukweli ndio unaotoka.

Jumamosi wanafunga saluni zote. Jumamosi, siku ya mabibi harusi! Wamekodi gari, Noah. Wanabeba unga, kuni na sufuria.

Nimempigia mama. Nimemwambia dada yake wa Sapiwi ni mgonjwa sana, aende Jumamosi akamwone. Akasema wameongea leo asubuhi, wamegombana kuhusu ndama, na mgonjwa hawezi kutukana vile. Nikasema basi nitakuja na wageni wa kazini. Akafurahi, maskini. Atachinja jogoo.

Mama hajawahi kunilaani. Lakini sijawahi kumuua pia.

Ijumaa, 20 Juni

Mjusi amenidondokea shingoni. Ishara!

Lakini nimepata njia. Kwetu Wasukuma, mama ni mayu, na mama mdogo ni mayu. Nikifika nitamsalimia tu, "Mwadila, mayu," kisha ninyamaze. Wageni watajua ni mama mdogo. Mama atajua ni mama. Hakuna atakayedanganywa. Akili hii imepotea bure masjala.

Jumamosi, 21 Juni



Tulifika Dutwa mchana. Kabla sijafungua mdomo, Milembe alishuka na unga kichwani akaanza kulia. Wote wakalia. Wanawake kumi na kanga viunoni wanaingia uani kwetu wakilia! Mama akatoka jikoni na kisu cha jogoo mkononi. Kwetu unalia kwanza, jina la marehemu utauliza baadaye. Akatupa kisu, akalia kuliko wote. Majirani wakasikia, wakatoka mashambani mbio. Nikasema mwadila, mayu. Hakuna aliyesikia.

Baadaye waliketi kwenye jamvi. Mama akafuta machozi akamuuliza Milembe kwa upole ni nani aliyetutoka.

Milembe akasema ni Nyanjige, mama yake huyu kijana.

Nilitafuta pa kukimbilia. Kulikuwa na pamba tu.

Mama hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Akauliza huyo Nyanjige alikufa na nini. Wakasema homa. Akasema maskini, na mtoto alilelewa na nani? Milembe akajibu kwamba alijilea mwenyewe.

Mama akanigeukia. Akasema, "Kumbe. Na ng'ombe watatu niliowauza akasome, nao alijiuzia mwenyewe?"

Goodness akapiga ukelele. Milembe akavua wigi, akajipepea nalo. Aliponigeukia akaniuliza kama nina misiba mingine, au ni huu tu.

Unga wa pole haurudi, kwa hiyo waliuacha. Mama akawapa jogoo, wakala wote pamoja wakicheka kama walizaliwa nyumba moja. Mimi nilikaa na mbuzi.

Nilimpigia mama magoti, nikamwomba asinilaani. Akasema hawezi kulaani wala kubariki, kwa kuwa ameshakufa. Nikitaka afufuke, nije Jumamosi ijayo nipite kwa kila jirani aliyekuja kulia, niseme mlangoni kwa mdomo wangu kwamba mama yangu yu hai na ndiye aliyenilea. Ndipo atachukua maji na unga wa mtama, ataninyunyizia baraka, na yataisha. Nisipokuja, basi nibaki yatima kama nilivyotaka.

Jumapili, 22 Juni

Nimempigia mara nyingi. Hapokei. Jirani yake amenitumia ujumbe: mama anasema wafu hawapokei simu.

Nimejikwaa kwenye ngazi. Maziwa yameganda. Jicho la kushoto linacheza. Laana imeanza!

Jumatatu, 23 Juni

Josia amenisalimia mbele ya mkuu wa masjala: marehemu hajambo? Mkuu naye akatoa pole. Faili la rafu ya juu limeanguka, likanikosa kidogo tu. Baraka zimepungua wazi. Jumamosi nitakwenda Dutwa, hata kwa magoti.

Jumanne, 24 Juni

Nimetafakari kosa langu kwa kina, nimeliona. Nilimuua mtu aliyepo! Mtu aliyepo anaweza kutoka jikoni wakati wowote.

Sijaoa. Kwa hiyo mke wangu hawezi kutokea popote. Nimewatumia wenye saluni wa Nyalikungu, kule Maswa, ujumbe mpya: nilifiwa na mke kipenzi, nikaanguka, nikainuka. Safari hii nimejiandaa. Kaburi liko Ukerewe, ng'ambo ya maji. Hakuna Noah inayofika huko kirahisi! Wamejibu papo hapo. Wananitaka Jumamosi.

Jumamosi ni ya mama, najua. Lakini mama yu hai, anaweza kusubiri hadi Jumapili.

Jioni. Mwenyekiti wa Nyalikungu ameandika. Kumbe ni mdogo wake Milembe! Milembe mwenyewe hana kinyongo kabisa, amewasaidia sana. Amewaambia Noah inapanda kivuko, na kwamba mkamwana hawezi kuliliwa na watu baki, sharti mama mkwe atangulie. Akawapa namba ya mama. Mama amekubali kuongoza msafara.

Simu inaita. Ni mama! Amenifufukia!

Nimepokea. Analia, anamlilia mkamwana wake, anauliza jina lake lilikuwa nani.

Jina! Sikuandaa jina.

Nami nimeanza kulia. Kwetu unalia kwanza.