Fundi na Magari Sitini ya Sura Moja

Sogeeni, enyi wenye masikio, na aliyeacha sufuria jikoni apunguze moto, maana habari hii ni kubwa: habari ya Fundi Mstaafu, simba wa gereji, mfungua nati zilizowashinda vijana, siku alipolitafuta gari la mkwewe katika uwanja wa hospitali.

Asubuhi ile mkewe, aliyekuwa akienda kutibiwa goti, alimsihi, "Baba, andika namba. Gari si letu hili."

"Mama, mimi miaka arobaini nimetambua magari kwa sura, yakiwa bado kona ile! Leo niandike namba kama karani?"

Ole wake shujaa! Enzi zake kila kampuni ilikuwa na uso wake: hili taa za duara, lile pua ndefu. Sasa viwanda vimeyaacha yale magari ya chini yenye buti nyuma, vyote vinafinyanga dude lilelile la kijivu, limeinuka, limevimba kama lililomeza jingine. Fundi alitoka hospitalini kulileta gari mlangoni, akayakuta sitini, jeshi zima la mapacha. Nembo hakuitazama asubuhi. Aliona ni kama kusoma jina la nduguye kifuani. Ufunguo nao, msaliti yule, betri ilikufa; akabonyeza, gari halikuitika.

Na goti la mama lilikwishachomwa sindano; daktari alimkataza kutembea.

Akajaribu mlango wa kwanza, wa tatu, wa saba.

"We mzee! Hilo langu!" nesi akapaza sauti dirishani.

"Samahani, binti! Hata mimi nilidhani langu!"

Mlinzi akaja na rungu. "Unatafuta nini, mzee?"

"Gari la mkwe wangu."

"Likoje?"

"Kama haya."

Mlinzi hakucheka. Aliweka rungu chini.

Ndipo nuru ikamshukia Fundi. Yeye haendeshi gari asilolichungulia uvunguni kama linavuja. Na lile alilichungulia. "Sura wameazimana," akanguruma, "tumbo je?"

Mlinzi akamtandikia boksi. Fundi akazama chini ya la kwanza, la nne, la kumi na mbili. Loo! Bomba la moshi lenye kiraka cha bati, kushoto!

"Ndilo! Ndilo, mwanangu!"

Mama alipotoka, akiegemea bega la nesi yule yule, gari lilikuwa linanguruma mlangoni.

"Baba, mgongo wote vumbi! Umeanguka?"

"Nimeshinda, Mama. Mmoja kwa sitini."

Mama akampangusa taratibu, kisha akapanda. Alitembea hatua nne tu. Nne, enyi waandishi wa historia! Andikeni kwa wino usiofutika.