Injini Kubwa ya Clive Ottaway

Jumatatu, 3 Machi
Injini mpya imeingia! Ndege niliyoiunda ghalani kwa mikono yangu sasa ina nguvu za kweli. Mkaguzi wa ndege, Pugh, kaja, kaitazama, kanuna. Eti kubadili injini kunataka idhini: michoro, hesabu za uzito, majaribio. Miezi! Nikamwambia ndege ni yangu.
"Ni yako, Clive," akasema, "lakini anga ni la wote."
Roho mbaya tu.

Jumatano, 5 Machi
Thirkell, jirani yangu kwenye kiwanja cha ndege, kapata idhini ya panga boi jipya la ndege yake. Mwaka mzima kumbembeleza Pugh kwa kipande cha mbao! Kaleta keki tusherehekee. Nimesusa. (Nimekula vipande viwili.)
Nimewapigia simu watu wa bima. Nikauliza, kwa niaba ya rafiki, itakuwaje mtu akibadili injini bila idhini. Binti aliyepokea akajibu rafiki yangu asithubutu kuruka. Akataka jina lake. Nikasema Thirkell.

Jumamosi, 8 Machi
Pugh kaenda Wales kumwona mama yake. Ndiyo nafasi! Mke wangu Glenys kakataa kupanda. Kaka yake, Norris, kakubali. Norris hajui kukataa mtu.
"Shemeji, dude hili lina bima kweli?"
Nikamwapia linayo. Linayo. Ya injini ndogo.

Jumatatu, 10 Machi
Naandika kwa mkono wa kushoto. Pua ya ndege ilikuwa nzito, haikutaka kuinuka. Tukapasua ua wa miiba, tukaingia banda la Thirkell. Ndege yake nayo kwisha. Thirkell ndiye aliyemchomoa Norris, petroli ikimchuruzikia kichwani. Uti wake wa mgongo umevunjika. Madaktari wanasema hatatembea tena.

Alhamisi, 20 Machi
Bima wamegoma. Wanasema ndege waliyoipa bima ina injini ndogo. Hii iliyoanguka hawaijui. Nyumba itauzwa, Norris atunzwe. Glenys kauliza jambo moja tu: nilijua? Nikaanza kumweleza habari za uzito wa pua. Akachukua koti, akatoka. Hajarudi.

Jumapili, 15 Juni
Nimekwenda kumwona Norris. Kaniomba nimsogeze dirishani aone bustani. Kasema hana kinyongo nami. Nimelia njia nzima.
Nikapitia kwa mjane mmoja anayeuza mabawa ya ndege ya marehemu mumewe. Mazuri, ila marefu mno kwa mabaki ya ndege yangu. Nikiyapunguza ncha, kidogo tu, kasi itapanda ajabu. Pugh hana haja ya kuambiwa. Huko si kubadili ndege. Ni kuinyoa.