Hotuba ya Bwana Uweso kwa Walioshindwa Kuugua

Mheshimiwa Bwana Shauri, mkuu wetu wa wilaya, ambaye hakuweza kufika. Bibi wa Bwana Shauri, ambaye naye hakuweza kufika. Gari la Bwana Shauri, ambalo limefika na limewekwa pale kivulini ili wote mlione. Waheshimiwa majumbe wa Muheza, Maramba na vitongoji vyake. Mheshimiwa Bwana Amirali mwenye duka, aliyetuazima mabenchi. Waheshimiwa wachungaji na mashekhe. Mabwana nyapara wa mashamba ya mkonge. Waheshimiwa wenye vyeo ambavyo sikuvitaja kwa kuwa ni vidogo. Na ninyi wagonjwa: hamjambo?

(Watu wote: "Hatujambo!" Na mwanangu Eliudi, niliyemkalisha benchi la mbele na mto mgongoni, naye kaitikia, tena kwa sauti nzuri, maana ndiye anayeongoza kwaya yetu ya Kilutheri akiwa na nafuu. Mimi ni Dorkasi, mama yake. Hotuba ya Bwana Uweso nimeiandika kama ilivyomtoka mdomoni, na palipokuwa na makofi nimeandika makofi, ingawa yangu hayamo.)

Nimefurahi kusikia hivyo. Basi mimi, Bwana Uweso bin Mbaruku, Msaidizi wa Kwanza wa Naibu Mwangalizi wa Idara ya Wasiojiweza katika Jimbo zima la Tanga, mtu niliyesoma mpaka walimu wenyewe wakaniomba nipumzike, niliyevaa kofia hii nyeupe kwa kustahili wala si kwa ajili ya jua, nasimama mbele yenu kutoa ripoti kamili juu ya ile skimu kubwa ambayo mfano wake haujapata kuonekana toka Mombasa mpaka Pangani

(Mzee Methusela, kutoka nyuma: "Hata hapa haujaonekana!")

naam, mzee anakubaliana nami, nayo ni Mfuko wa Wagonjwa wa Kudumu, ambao niliutangaza mimi mwenyewe hapahapa, nyuma ya meza hiihii, nikasema kwamba kijana yeyote aliyekwisha kuwa mtu mzima, ambaye maradhi yasiyokwisha yamemzuia kufanya kazi, atapewa posho ya kila mwezi na gari la kumpeleka hospitali Tanga, bila kuombaomba, bila kusumbuliwa, bila kudhalilishwa.

(Kweli alisema. Siku ile nilipiga vigelegele mpaka sauti ikanikauka, nikamnunulia Eliudi viatu.)

Tangu siku hiyo, ndugu zangu, Idara haikulala. Iliundwa komiti. Komiti ikazaa sabukomiti, na sabukomiti ikaketi kule Usagara, Tanga mjini, katika nyumba yenye upepo mzuri, ikanywa chai, ikaandika memoranda, ikazirudisha memoranda zile ili ziandikwe upya kwa wino unaofaa, kwa sababu progresi ya watu haiwezi kuendeshwa kiholela, wala posho ya Serikali haigawiwi kama machungwa yaliyomwagika kutoka kwenye lori, yataka sistimu, na sistimu tuliyoipata, nawaambia bila kujisifu, ingawa niliibuni mimi, ni ya kisayansi, haihitaji daktari, haihitaji dawa, haihitaji hata kumgusa mgonjwa, maana ni swali moja tu ambalo kila mwombaji ataulizwa mara aingiapo mlangoni. Swali lenyewe ni hili: Hujambo?

(Vicheko vichache. Karani wake anapiga makofi, anatutazama kama anayetuomba tumsaidie.)

Msicheke. Wameulizwa wagonjwa wote wa wilaya hii, na asilimia mia moja wamejibu, kwa hiari yao, mbele ya karani wangu: Sijambo. Amekuja binti Bertha wa Maramba, kabebwa na kaka zake juu ya machela, miguu imevimba kama mihogo, nikamwuliza kwa upole, hujambo binti? Akasema, "Sijambo, mzee, sijui wewe?" Nikaandika: hajambo. Mimi ni nani hata nimbishie mtu juu ya mwili wake mwenyewe?

Ndipo akaja kijana Eliudi.

(Watu wananigeukia. Nikaweka sawa kitambaa changu cha kichwa.)

Kijana huyu, kwa maelezo ya mama yake, ambayo yalikuwa marefu, ana ugonjwa wa damu tangu utotoni, wa kumkamata mifupa, ambao leo unamlaza analia na kesho unamwacha anacheka, na keshokutwa unamrudia. Ugonjwa, kwa kweli, usio na nidhamu ya kazi. Sasa mtu huyo aliingia ofisini kwangu amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka ncha za kola zingeweza kukata mkate, amepakwa mafuta uso unang'aa, viatu vipya, nywele zimechanwa njia. Nikajiuliza: hivi mgonjwa ndiye huyu, au bwana harusi?

(Nilimpiga pasi mimi mwenyewe, pasi ya mkaa, na nitampiga pasi hata akiitwa tena kesho. Ati nimpeleke mwanangu kwa mkubwa na matambara?)

Isitoshe, aliponiona tu alisimama. Polepole, nakubali, na jasho lilimtoka, na alishika ukuta, lakini alisimama, akasema "Shikamoo mzee," na mtu mwenye uwezo wa kusimama amwamkie mkubwa ana uwezo wa kusimama akate mkonge. Nikamwuliza, hujambo? "Sijambo, mzee." Nikamgeukia mama: Huyu kijana wako anaweza nini? Mama akaanza. Anashona, hata nguo ya harusi ya binti wa Bwana Amirali, Noorjehan, aliipinda yeye pindo lake; anasoma Biblia toka mwanzo hata mwisho na kurudi; anajua hesabu kuliko mwalimu wake; anaimba; anaandika barua za mtaa mzima; mpaka karani wangu akaomba wino mwingine. Basi ndugu zangu, nikitazama ushahidi huo, nilimwona kijana mzima kuliko mimi.

(Niliyasema, na sikuyamaliza. Aliniuliza mwanangu anaweza nini. Angeniuliza hawezi lini, ningemwambia nayo.)

Kwa hiyo, kwa huruma maarufu ya Idara yangu, sikumwacha aende mikono mitupu. Nilimpa kipande, ile kadi ya kazi ya shamba la mkonge, akaanze kukata Jumatatu.

(Nyapara mmoja anatazama chini.)

Na alikwenda! Huo ndio ushindi wa skimu! Tena nimepata ripoti kwamba jioni ile ile alirudishwa kwao juu ya toroli ya shamba, amelazwa juu ya mkonge laini, heshima ambayo wakata mkonge wengine, wanaorudi kwa miguu, hawajapata kuionja.

(Mkonge una miiba, Bwana Uweso. Wiki nzima nilimgeuza kitandani kama mtoto mchanga, na kila nikimwuliza, mwanangu, hujambo? ananiambia, "Sijambo, mama." Kile kipande nimekikunja nikakiweka chini ya mguu wa meza unaoyumba, na hapo kimefaa. Nikasimama nikasema, "Bwana Uweso, shikamoo.")

Marahaba, mama. Tulikwisha kuongea sana.

("Neno moja tu, baba. Kijana akiulizwa hujambo na mkubwa wake, adabu yasema ajibuje?")

Ajibu sijambo. Hata mtoto anajua.

("Na akijibu siwezi, kwamba anaumwa?")

Akijibu siwezi kabla hata hajakaa kitako, huyo hana malezi, na fedha za Serikali si za watu wasio na malezi.

("Na asiposimama kukuamkia?")

Huyo ni jeuri, mama, na jeuri si ugonjwa.

("Haya. Nilitaka watu wasikie." Nikakaa. Mzee Methusela akasema kwa sauti, "Basi wa kupewa ni maiti peke yake, na yeye ana kosa, haamkii!" Watu wakacheka mpaka kuku wa sokoni wakatawanyika.)

Nafurahi kuona furaha yenu. Sasa nimalizie kwa shukrani, maana kiongozi asiyeshukuru ni sawa na ofisi isiyo na mhuri. Namshukuru Bwana Amirali kwa mabenchi, ambayo atayachukua leo jioni. Nalishukuru gari la Bwana Shauri. Najishukuru mimi. Lakini zaidi ya wote nawashukuru ninyi wagonjwa, kwa kuwa majibu yenu mazuri yameiondolea Serikali gharama na usumbufu mkubwa sana, yaani usumbufu wa kuuanzisha huo Mfuko, maana plani yetu tangu mwanzo ilikuwa ni kuutangaza kwanza, kuwapima pili, na kuuanzisha tatu, endapo haja itaonekana, haja haikuonekana, na kwa sababu hiyo Mfuko haukuanzishwa, haukutengewa posho, haukununuliwa gari, wala haukupata kuwapo hata siku moja, na natangaza kwa fahari kuu kwamba umetimiza kazi yake yote. Afya mbele!

(Kimya.)

Ugonjwa nyuma!

(Mtoto mmoja anaitikia, mama yake anamfinya.)

Progresi idumu! Na sasa, ili ripoti yangu ifungwe rasmi, nawauliza mara ya mwisho, enyi watu wa Muheza na Maramba: Hamjambo?

(Nikamwona Eliudi ameshika ukingo wa benchi kwa mikono miwili, kama siku zote anapojikaza asimame. Nikamwekea mkono begani. Hakusimama. Akasema akiwa ameketi palepale, na kola yake imenyooka:

"Shikamoo, mzee. Siwezi."

Tangu nimzae sijamsikia akimjibu hivyo mtu mzima, na si mimi niliyemfundisha. Binti Bertha, juu ya machela yake, akapokea: "Na mimi siwezi!" Mzee Methusela: "Hatuwezi!" Kisha uwanja mzima, wagonjwa na wazima, walioketi mabenchini na waliosimama, yule nyapara, na dereva wa gari la Bwana Shauri kichwa nje ya dirisha: "Hatuwezi! Hatuwezi, bwana!" Karani akachovya kalamu, akasita, akamtazama mkubwa wake. Bwana Uweso akageuza karatasi yake ya mwisho, akatafuta mstari kwa kidole, akasafisha koo, akasoma kama ilivyoandikwa.)

Nimefurahi kusikia hivyo. Ahsanteni.