Kidude Kwenye Soksi ya Kushoto

Jumatatu, 4 Machi
Sijamwambia mtu yeyote: nimeing'oa themostati ya gari la Baba. Iko chini ya godoro, ndani ya soksi yangu ya shule, ya kushoto.

Gari letu limenizidi umri na kila likipanda mlima linachemsha. Baba kasema Jumamosi tunakwenda kwa Shangazi; likifika bila kuchemsha, nitaruhusiwa kwenda gereji kujifunza ufundi. Likichemsha, nabaki huko huko kwa Shangazi nijifunze kushona. Mimi na sindano! Sasa, themostati ni kidude kinachozuia maji yasiende kupoa kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Kinazuia maji! Kikulacho ki nguoni mwako. Nimekitoa.

Jumatano, 6 Machi
Ushindi! Mshale wa joto umelala tu. Baba kasema gari limerudi ujana, akauliza nani kalitengeneza. Nikafungua mdomo. Ukakauka. Injinia akasema ni yeye, eti alibadilisha maji ya rejeta. (Injinia ni mtoto wa Shangazi, anakaa kwetu. Aliwahi kutengeneza pasi, basi jina likamganda.) Mama akamwongezea nyama. Mimi nikala mchuzi na hasira.

Ijumaa, 8 Machi
Baba analalamika. Gari linakohoa asubuhi na linafakamia petroli. Injinia kamwambia, "Mjomba, linazoea tu." Hajui kitu! Injini inasikia baridi. Dawa ya baridi ni nguo. Nimekata boksi la sabuni, nikalipachika mbele ya rejeta. Barabara! Sijui kwa nini watu husomea ufundi miaka yote ile.

Jumamosi, 9 Machi
Mlima wa kwanza, mshale ukapanda. Nikatabasamu: limepata joto. Mlima wa pili, ukafika mwisho. Mvuke! Injinia akakimbilia kifuniko cha rejeta. Nikapiga kelele, mimi: "Acha! Utaungua uso!" Wote wakanigeukia. Nikatazama viatu.

Baba akalivuta lile boksi. "Injinia gani wewe, unalivalisha gari koti?" Aliyejitwalia sifa zote angekanaje? Nilimwonea huruma, nikataka kusema. Lakini mdomo wangu unaujua, daftari.

Baba kaamua Injinia ndiye aende gereji, akafundwe upya. Nafasi yangu! Na ahadi ni ahadi: gari lilichemsha. Shangazi kaja kunipokea pale pale barabarani, akabeba begi langu.

Jumanne, 12 Machi
Baba kapiga simu. Fundi kamuuliza Injinia themostati iko wapi, naye kajibu kaiweka mahali salama. Kweli kabisa. Ila hapajui.

Huku kuna kazi. Cherehani ya Shangazi ni kuukuu, mota yake inapata moto, naye huipumzisha. Kupumzisha! Leo alipotoka nimeichunguza. Kuna kidude kinaubana uzi bila sababu yoyote. Uzi ukibanwa, mota itaachaje kuhangaika? Kesho tunashona gauni la bibi harusi, na cherehani itateleza kama siagi.

Kimo kwenye soksi ya kulia. Tafadhali, yabaki kati yetu.