Chai ya Mkurugenzi wa Ucheleweshaji

Ilitangazwa rasmi mjini Moshi, mwaka 1998, masika yakiwa yameukumbatia mlima, kwamba Ushirika wetu wa kahawa umeingia zama za mtandao. Kila hoja, kompyuta ya makao makuu itaziuliza zile za matawi ya Rau, Shirimatunda na Kilema kwa waya wa simu. Zote zikikubali, jambo limepita. Moja ikikataa, limekufa.

Kasoro ilikuwa waya. Rau ilijibu hata hujakohoa. Kutoka Kilema, kule juu mlimani, mvua ikinyesha, jibu liliteremka kama mgonjwa wa kubebwa kwa machela.

Ndipo Aminieli akateuliwa Mkurugenzi wa Ucheleweshaji. Ndiye yule yule aliyewapigia wakubwa kelele tangu enzi za foleni za sukari, msomi wa magazeti ya kufungia nyama. Walimpa kiti cha kuzunguka, akazunguka nacho. Akatunga Kanuni ya Subira: swali likitumwa, chai imiminwe, kituo ambacho hakijajibu hadi chai ipoe, kimekubali. Aliipenda sana kanuni yake, hasa upande wa sukari.

Siku ya kikao shemeji yake Kornelia aliteremka kutoka Kilema, matope hadi magotini.

"Shemeji, wanataka kuuza mashine yetu ya kumenya kahawa. Wenzangu wamekaa kwenye kompyuta kule juu, watakataa. Wasubirini."

"Utaratibu utafuatwa," alisema Aminieli, kwa sauti ya wakubwa aliyokuwa akiitukana zamani.

"Ulikuwa na mdomo wewe. Siku hizi una kikombe."

Meneja Urbanus, ambaye mnunuzi wa mashine alikuwa mkwewe, akatuma swali: mashine ya Kilema iuzwe? Rau, ndiyo. Shirimatunda, ndiyo. Kilema, kimya. Meneja akaonja chai.

"Imepoa. Imepita."

Swali la pili: Meneja aendelee miaka mitano? Rau, ndiyo. Shirimatunda, ndiyo. Chai mpya ilikuwa bado ya kuunguza ulimi kompyuta ilipolia. Kilema: HATUTAKI KATAKATA.

Meneja akaruka. "Hilo ni jibu la swali la kwanza!"

"Basi mashine haiuzwi," akasema Kornelia.

"La kwanza lilishafungwa!"

"Basi ni la pili, baba. Kwaheri."

Kikao kizima kikamgeukia Mkurugenzi. Kiti chake, kwa mara ya kwanza, kikatulia. Akamsogezea Meneja kikombe.

"Chagua swali moja, mheshimiwa. Ila ukinyamaza mpaka ipoe, umekubali kwamba Kilema imekataa yote mawili."